Mfungaji wa Masanduku

Kajaani, Januari. Jua linachungulia saa nne asubuhi,
saa tisa limeshatuchoka.
Naitwa Henriikka. Kazi yangu ni kufunga masanduku:
kila mjamzito hupewa moja na serikali,
la karatasi ngumu, godoro dogo chini,
ili mtoto akikosa kitanda alale humo humo.
Fulana sita. Soksi. Kofia ya sufi.
Kipimajoto cha maji ya kuogea.
Kimkasi cha kukatia kucha
ambazo bado hazijaota popote.

Masanduku mia mbili kwa zamu, miaka sita.
Usinifanyie hesabu, nimeshaifanya usiku.
Nimekuwa hodari wa hesabu:
siku ya kumi na nne, siku ya ishirini na nane,
milimita za yai,
joto la mwili kabla sijanyanyua kichwa mtoni,
euro zilizobaki katika akaunti ya boti
aliyotaka kununua Jarkko, akasema basi, samaki wangoje.

Sindano najichoma chooni, saa ya mapumziko,
kushoto leo, kulia kesho.
Tumbo limekuwa ramani ya zambarau
ya nchi isiyo na watu.

Jarkko ameacha sauna. Daktari kasema joto haliwafai
wanaume ambao mbegu zao huogelea kivivu.
Sikukuu ya kiangazi kaka zake wote walikuwa ndani, mvukeni,
yeye barazani na soda yake, kavaa suruali,
na shangazi Irmeli akauliza ukumbi mzima usikie:
"Nyie wawili mnangoja nini?"
Tulicheka. Kicheko chetu kina ufunguo,
tunakifunga tukifika garini.

Subira huvuta heri, huniambia wenye watoto watatu.
Hawasemi kwamba kamba yake hukata viganja.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.
Haya. Na wa yule asiyekuja?
Yule aliyekaa siku kumi na moja,
mstari wa waridi, hafifu,
niliopeleka dirishani, kwenye taa, kwenye mwanga wa theluji,
Jarkko akisema naona, sioni, naona;
kisha damu, Jumanne, kabla ya chai.
Hakuna kaburi. Hakuna keki ya matanga.
Kazini waliandika: tumbo, siku moja.

Mwezi wa kumi na moja Päivikki, wa ng'ambo ya mkanda,
alianza kuvaa sweta za mumewe.
Wakanificha. Wote, hata dereva wa foklifti.
Nikiingia, mazungumzo yalikatika
kama redio iliyochomolewa ukutani.
Ile huruma ndiyo iliyonimaliza, si lile tumbo.
Nilimchukia. Niiandike hivyo hivyo, bila sukari.
Nilimchukia hata nikaogopa mikono yangu.

Nikaenda kwa mshauri, ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani.
"Unalala?" Nalala.
"Unakula?" Nakula.
Akangoja.
Nje trekta la theluji lilipita, likarudi,
ndipo nikasema: kila sanduku ninalofunga
ni kama nabandika tepu mdomoni mwangu.
Hakunipa methali.
Alinisogezea tishu, nazo zilikuwa
katika kisanduku cha karatasi ngumu.
Nikacheka. Nikacheka mpaka kikawa kitu kingine,
kikachukua saa yote tuliyolipia.

Sijapona. Kuna siku naegesha gari mbali na shule
na kuna siku nasahau, naegesha karibu.

Jana nilimwomba msimamizi: la Päivikki nifunge mimi.
Fulana nilizikunja upya, mara mbili.
Kofia nikaivisha ngumi yangu
nione itakaaje.
Ilikaa.
Sikuomba dua. Sikusamehe kitu.
Nikabandika tepu, nikapiga muhuri,
likaondoka na mkanda.
La pili likaja, wazi.